Pete Shingoni mwa Manjano

Sultani Harithi bin Dhiyabu alitawala mji wa Sandarusi, mji wa nyumba za mawe na milango ya nakshi, na watu wake walikuwa wastaarabu, na masoko yake yalijaa, na ukuta wake haukupata kuvunjwa na adui. Na pamoja na neema zote hizo mji ule mzima ulikoseshwa raha na paka mmoja mwenye sikio lililotoboka. Nawaambieni mapema msije mkanilaumu baadaye. Anayetaka mashujaa na mapanga aende kwa msimulizi mwingine, maana mimi hekaya niliyorithi ni hii ya paka, na paka siwapendi, na bado kila ninapokaa watu wananiomba hiyohiyo.

Katika mji huo alikuwako tajiri wa viungo, jina lake Bwana Shahari, mtu mzima mwenye kifua kipana na subira nyingi, na mkewe akiitwa Mwana Zumla, ambaye alikuwa bado kijana, mwenye haya na ulimi mwepesi kwa pamoja. Mungu hakuwajaalia mtoto. Siku moja Bwana Shahari alifungua gunia la manjano dukani mwake, na ndani akakuta kitoto cha paka kimelala fofofo, nacho ni cha manjano kuanzia puani hadi mkiani. Akakichukua kwa mkewe, na wakakiosha kwa maji ya uvuguvugu ili waijue rangi yake ya asili, na maji yakatoka manjano, na paka akabaki manjano vilevile. Basi wakamwita Manjano. Akakua, na kila jioni Bwana Shahari aliporudi dukani alimkuta paka amekaa nyuma ya mlango anamngoja, na alipojinyoosha kitandani paka alimpanda kifuani akalala, na mzee wa watu hakuthubutu kujigeuza hata mkono ukimfa ganzi.

Kisha Bwana Shahari akafariki, kama tutakavyofariki sote, na Mwana Zumla akakaa eda. Na eda ya Sandarusi ilikuwa eda kweli, si hizi za kuchungulia dirishani. Mjane hakutoka nje, na hakuonana na mwanamume asiye maharimu yake, na hakujitia wanja wala manukato, na mapambo yake yote aliyavua akayafungia sandukuni mpaka siku ya kutoka. Mwana Zumla akavua vipuli, akavua bangili, akavua mkufu, na mkono wake haukusita. Lakini alipofika kwenye pete ya akiki aliyovishwa na mumewe siku ya arusi yao, mkono ulisita. Sandukuni roho yake ilikataa kuitia, na kidoleni hairuhusiwi kukaa. Akamtazama Manjano, ambaye alikuwa nyuma ya mlango ameelekeza macho kwenye komeo.

"Wewe huna eda," akamwambia. "Nivalie mpaka nitoke."

Akaitunga pete katika uzi mwekundu wa hariri, akamfunga paka shingoni.

Sasa sikilizeni ujinga wa binadamu ulivyo. Pete ile Bwana Shahari aliinunua mnadani, ndani ya kapu la vikorokoro, akaipenda kwa jiwe lake, na hakujua, wala muuzaji hakujua, kwamba mlikuwa na jini aliyefungwa humo tangu zama za kale, na kwamba jini huyo huitwa kwa kuisugua pete. Mwana Zumla aliivaa miaka yote ile akipika nayo na kufua nayo, na hakuisugua hata mara moja, kwa kuwa watu wenye akili hawasugui pete ovyo. Lakini paka mnamjua. Paka kazi yake kubwa duniani, baada ya kulala, ni kujisugua.

Manjano akauendea mwimo wa mlango akausugua kwa shingo, na hapo moshi ukajaa ukumbi mzima, na ndani ya moshi likatokea jini refu lenye pembe na ndevu, na kichwa chake kikagusa boriti za dari, nalo likapiga magoti.

"Labeka, ewe mmiliki wa pete," likasema kwa sauti iliyotikisa vyombo jikoni. "Mimi ni Barkushi bin Ghamraji, niliyewajengea wafalme majumba ya marumaru na kuzihamisha bahari kwa kucha zangu. Amri yako ni juu ya kichwa changu na macho yangu. Sema, nitende."

Manjano akamtazama, akapiga mwayo, akaanza kujiramba mguu wa nyuma.

Mwana Zumla alikuja mbio kutoka jikoni, na alipomwona yule kiumbe hakupiga ukelele wala hakuzirai. Alijivuta ukaya akajifunika uso.

"Toka nyumbani kwangu," akasema. "Mimi niko edani, sionani na wanaume."

"Bibi, mimi si mwanamume. Mimi ni jini."

"Una ndevu."

Barkushi akazishika ndevu zake, akazitazama. Basi bibi akatundika shuka katikati ya ukumbi, na jini akakaa nyuma ya shuka amejikunyata, magoti yamemfika masikioni, na hivyo ndivyo walivyozungumza siku zote za eda.

Mwana Zumla akajaribu kuifungua pete, na uzi ukakaza, na akajaribu kuukata kwa kisu, na kisu kikakunjika. "Usijisumbue," jini likasema nyuma ya shuka. "Pete haimtoki mwenyewe ila kwa ridhaa yake, au kwa kifo chake. Nami nimefungwa kumtii, na kwa kuwa hana ulimi wa kuamuru, nalazimika kuutii moyo wake, nao nausoma wazi. Hataki kuitoa. Anasema ina harufu yako."

"Na sasa hivi anataka nini?"

"Anataka mlango ufunguliwe," likasema.

Likanyoosha kidole, na mlango ukafunguka wenyewe, bawa kwa bawa. Manjano akausogelea, akasimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, akaitazama njia juu na chini. Hakutoka. Akarudi ndani, mlango ukafungwa, na kabla komeo halijatulia akataka ufunguliwe tena. Siku ile jini lililohamisha bahari lilifungua mlango na kuufunga hadi adhuhuri, na paka hakutia mguu nje hata mara moja, na mwishowe jini liliegemeza kichwa ukutani na kuuliza, "Bibi, kiumbe huyu mna uhakika ana akili timamu?"

"Amekuwa hivyo tangu msiba," akajibu Mwana Zumla. "Usiniulize mimi. Mimi mwenyewe amenichosha."

Na huo ulikuwa mwanzo tu. Manjano alitaka samaki, na moyo wa paka haujui kipimo, kwa hiyo samaki walimiminika uani, changu kwa tasi, mpaka wakafika usawa wa dirisha, na yeye akala mmoja, tena kichwa tu. Alipenda kulala katika kile kipande cha jua kinachoingia ukumbini alasiri, na jua lilipotaka kuhama, kama jua linavyopasa, jini likaamriwa kulizuia. Na likawa linakaa kwenye mkeka limeshika ncha ya mwanga kwa vidole viwili, watu wakitoka msikitini magharibi imekwisha wanaona dirisha la mjane linawaka jua la alasiri. Ikawa kila asubuhi Mwana Zumla akiamka anakuta pembeni mwa mto wake sinia la dhahabu tupu, lenye nakshi za lulu, na juu ya sinia panya watatu wafu wamelazwa kwa adabu, mikia yao imeelekezwa upande mmoja.

Asubuhi ya kwanza bibi alikasirika kwelikweli. "Huu ni uchafu gani?" akaliuliza jini. "Mimi nina uchungu wangu, na ninaletewa panya?"

Barkushi akashusha pumzi nyuma ya shuka. "Nami naona haya kuliko wewe, bibi. Mababu zangu wangejua natega panya wangenikana. Lakini ndivyo moyo wake ulivyoamuru. Anasema tangu bwana aondoke huli. Anasema sufuria unazipika na unazimwaga. Anaona huenda hujui kuwinda, ndiyo maana anakuwindia. Sinia ni langu, nimeliongeza kwa ajili ya heshima yangu mwenyewe."

Mwana Zumla akakaa kitako juu ya kitanda. Ni kweli alikuwa hali. Watu wa matanga walikuja wakalia naye, wakampa pole, wakarudi makwao, na hakuna hata mmoja aliyechungulia sufuria. Jioni ile alichukua changu mmoja katika lile lundo la uani, akamkaanga, akala mpaka mwiba, na paka alikaa mbele yake akimtazama tonge kwa tonge. Panya aliwatupa, na sinia akaliosha akalisukuma chini ya kitanda, na mengine yaliyofuata akayasukuma huko huko.

Lakini samaki wananuka, jamani, na mtaa una pua. Majirani wakashitaki, na habari ya dirisha lenye jua baada ya magharibi ikaenda mpaka kasri, ikamfikia Waziri Sarhani, mtu mwembamba mwenye joho zito, ambaye hakuwahi kufuga hata kuku. Alisoma elimu ya majini ujanani, akajua mara moja ni jini la pete, na pete wapita njia walikuwa wameiona shingoni mwa paka kizingitini. Akaenda mbio kwa Sultani.

Na hapa lazima niwaambieni habari ya Sultani Harithi, maana bila hiyo mtamwona dhalimu, naye hakuwa. Alikuwa bado kijana, na mama yake, Bibi Raya, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Bibi Raya alimfuga kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Yakuti, na ndege huyo alijua maneno ya bibi yote na sauti yake yote, hata ungesimama nje ya chumba usingejua anayesema ni nani. Kila asubuhi bibi, na baada yake kasuku, walimwuliza Sultani neno moja: "Umekula, mwanangu?" Siku bibi alipozikwa ndege akafunga mdomo. Sultani akamletea karanga, akamletea waganga, akakaa naye akimsemesha kama mwendawazimu, na ndege akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, na hakusema. Ndani ya tundu lile mlikuwa na sauti ya mama yake, nzima, na haitoki.

Basi Sultani aliposikia habari ya jini hakuwaza dhahabu wala majumba. Akasema, "Niletee pete hiyo, jini limwamuru ndege aseme."

Waziri akaenda mpaka mlango wa Mwana Zumla akapiga hodi.

"Hodi ya mwanamume haina karibu katika nyumba hii," bibi akajibu kutoka ndani. "Mimi niko edani."

"Mimi ni Waziri Sarhani, natoka kwa Sultani."

"Na Waziri hana ndevu?"

Waziri akasema kwa kupitia tundu la komeo, na maneno yake yalikuwa ya fahari, kwamba Maulana Sultani anamtaka paka kwa mzani wa dhahabu, uzito kwa uzito. Mwana Zumla akauliza paka atafanywa nini. Waziri, ambaye hakuzoea kuulizwa, akasema kweli: kwamba pete haimtoki mwenyewe ila kwa ridhaa au kwa kifo, na kwamba kuingoja ridhaa ya paka si kazi ya dola.

"Bwana Waziri," bibi akajibu, "dhahabu ninayo chini ya kitanda, na yote inanuka panya. Paka simtoi."

Waziri akataka kuvunja mlango, na Kadhi akamzuia, akasema nyumba ya mjane aliye edani haiingiwi hata na jeshi. Kwa hiyo Sultani akatoa amri kwamba siku Mwana Zumla atakapotoka edani aje barazani pamoja na paka wake. Nao wakangoja, na kungoja kule kulimtesa kila mtu. Wajane wengine huhesabu siku ili eda iishe, na huyu aliomba isiishe. Alikuwa akimpakata paka akimwambia, "Toa pete, mwanangu, wampe Sultani yaishe," na paka akikoroma na kumkanyagakanyaga mapaja kwa makucha, na jini nyuma ya shuka likisema kwa sauti ya chini, "Anasema hapana."

"Mwambie watamchinja."

"Nimemwambia. Anasema anataka mlango ufunguliwe."

Eda ikaisha, kama ilivyoandikwa. Mwana Zumla akaoga, akajifukiza udi, akavaa vipuli vyake na bangili zake na mkufu wake, na kidole cha pete kikabaki kitupu. Akamtia Manjano kapuni akaenda naye kasri. Alimkuta Sultani kwenye kiti chake cha enzi, na Waziri kuliani kwake, na kushotoni tundu la fedha lenye kasuku aliyejikunja manyoya, na mbele yao mwenye upanga. Alipouona upanga alilikumbatia kapu kwa mikono miwili, akasonga mpaka mbele ya kiti.

"Ewe Mwana Zumla," Sultani akasema, "hatukukuita kwa uovu. Tunayo haja kwa jini la pete yako, haja moja tu. Liamuru."

Barkushi akatokea akainama. "Maulana, mimi si wa bibi huyu. Laiti ningekuwa wake. Mimi ni wa paka, na paka hajali."

"Basi hakuna njia ila ile," akasema Waziri.

Sultani akageuka asimtazame bibi usoni. "Ni paka," akasema. "Nitakupa wengine mia, weupe, wa Ajemi."

"Nami nikuletee kasuku mia, Maulana?"

Mwana Zumla akaliweka kapu chini, akainama mpaka paji likagusa zulia, na akasema: "Maulana Sultani, Mungu akuzidishie umri. Watu wananiambia paka hana fadhila, kwamba anachokipenda ni bakuli, na ukifa atamhamia mwingine. Huenda ni kweli, mimi siwezi kuusoma moyo wake. Ila najua kwamba mume wangu alipoondoka nilikuwa najiua kwa njaa bila kujua, na katika mji huu wote aliyeona ni huyu. Ukimchinja nitarudi katika nyumba ambayo hakuna anayejua nimekula au sikula. Ninakuomba usinifanyie hivyo."

Sultani aliinamisha kichwa, kwa kuwa maneno ya mwisho yalimpata mahali pabovu. Waziri akaona bwana wake analegea, akamkonyeza mwenye upanga, na mwenye upanga akalifunua kapu.

Lilikuwa tupu.

Wakati watu wazima wanahutubiana, Manjano alikuwa ameshatoka zamani. Alikuwa amelizunguka zulia, na ameinusa miguu ya Waziri na kuidharau, na sasa alikuwa chini ya tundu la fedha ametazama juu, na meno yake yanagongana kama ya paka aonaye ndege. Akaisugua shingo kwenye mguu wa kiti cha enzi.

"Ewe Mola wangu," likasema jini, likafunika uso kwa kiganja. "Nimeamriwa."

Mlango wa tundu ukafunguka, na mkono usioonekana ukamtwaa Yakuti, ukamlaza sakafuni taratibu mbele ya paka, na paka akamwekea mguu juu ya bawa. Hakuna aliyewahi kusogea. Na hapo kasuku aliyenyamaza mwaka mzima akafungua mdomo, na sauti ya marehemu Bibi Raya ikajaa baraza, kali, ya bibi aliyeingiliwa jikoni:

"Toka hapa, mwizi mkubwa wee! Harithi! Harithi, nipe kubadhi langu nimpige huyu!"

Na Sultani Harithi bin Dhiyabu, bwana wa Sandarusi na viunga vyake, mbele ya mawaziri na makadhi, aliinama akavua kubadhi lake, akanyoosha mkono kumpa mama yake. Ndipo akakumbuka. Akabaki ameshika kiatu, na machozi yakamtoka, na huku analia akacheka, na hakujali nani anamwona.

Lakini ndege bado alikuwa chini ya mguu wa paka. Mwenye upanga aliinua upanga, na jini likasema asithubutu, maana paka akishtuka atauma. Mwana Zumla alitaka kukimbia, akajizuia, akaketi pale pale sakafuni. "Manjano," akaita kwa sauti isiyozidi ya nyumbani. "Njoo, mwanangu. Njoo nikupakate."

Paka akamtazama. Akamtazama ndege, ambaye alikuwa mnono. Akamtazama tena bibi yake aliyeketi na mapaja yake matupu. Kisha akaondoa mguu, akalivuka zulia bila haraka yoyote, akampanda mapajani, akazunguka, akajikunja na kulala.

Barkushi akatoa ushahidi, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Enyi watu wa baraza, mimi nimeusoma moyo wake sasa hivi. Ilikuwamo tamaa ya ndege, nayo ilikuwa kubwa sana, nusura inipofue. Na ilikuwamo tamaa ya kulala hapo alipolala. Hii ya pili iliipita ile. Nimewatumikia wafalme, nikaisoma mioyo yao, na sikupata kuona kitu kama hiki, na naona taabu kukiri."

Mwana Zumla akamkuna paka chini ya kidevu, na paka akainua shingo, na uzi mwekundu uliokataa kisu ukalegea wenyewe, na pete ikaangukia kiganjani mwake. Akaivaa.

"Na ule mlango?" akauliza. "Kila siku ufunguliwe, na hatoki. Umemsoma, niambie."

Jini likasitasita. "Hakuwa anataka kutoka, bibi. Kila mlango ulipofunguka alikuwa anatazama kama bwana anakuja. Hilo ndilo alilolitaka, na hilo siliwezi. Wafu hawarudishwi na jini. Ningekwambia mapema, lakini nilidhani utalia."

Na kweli alilia, akalia kilio alichokuwa hajakilia tangu siku ya maziko, ameinamisha uso katika manyoya ya paka, na paka akavumilia, jambo ambalo kwa paka si dogo.

Kisha Barkushi akapiga magoti, safari hii kwa furaha. "Labeka, Mwana Zumla. Sasa wewe ndiwe mmiliki wa pete. Taka majumba, taka milki, nimechoka na samaki."

"Sitaki kitu. Nenda zako, uko huru."

Waziri Sarhani alizirai kwa uchungu, na mimi kila nikifika hapa namwelewa kabisa. Mwanamke ana jini mkononi, na haombi hata nyumba ya pili! Lakini ndivyo alivyosema, na jini likapaa likatokomea dirishani kabla hajabadili nia. Utajiri wake ukabaki yale masinia ya chini ya kitanda, nayo, nakiri, yalimtosha yeye na mtaa mzima aliougawia kwa kuwafidia harufu.

Basi ikaonekana kwamba Yakuti, baada ya kusema siku ile, hasemi tena ila akimwona Manjano. Akimwona humtukana kwa sauti ya Bibi Raya mpaka achoke, na akishachoka hutulia na kuuliza, "Umekula, mwanangu?" Kwa hiyo Sultani akawa anabeba tundu mwenyewe kila alasiri mpaka mlango wa Mwana Zumla, na miezi ikapita hivyo, na watu wakasema sana. Mwisho akaleta posa.

"Unanioa mimi au paka?" akauliza Mwana Zumla.

"Nilianza kuja kwa ajili ya ndege," Sultani akasema, "na sasa ndege akiugua nakuja hivyohivyo."

Wakaoana, na ngoma zikapigwa siku saba, na paka akahamia kasri pamoja na mto wake. Na milango ya kasri ni mizito, yahitaji walinzi wawili kila bawa. Manjano alikaa mbele ya mlango mkuu akataka ufunguliwe, na walinzi wakaufungua, naye akasimama kizingitini akatazama njia juu na chini, na hakutoka, na walinzi wakaufunga, na akataka tena. Wakaapa wataacha kazi.

Jioni moja Mwana Zumla alisikia mlango ukifunguka polepole bila kulia bawaba. Akaenda. Walinzi walikuwa wamelala, na juu ya mkeka karibu na kizingiti palikuwa na kipande cha jua, ilhali magharibi imekwishaadhiniwa.

"Barkushi," akasema, "mimi sikukuita."

"Nilikuwa napita," likajibu jini, na halikugeuza uso. "Na hawa walinzi wako, bibi, hawajui kuufungua. Wanaufungua kwa kishindo, anashtuka, hapati kutazama vizuri."

Mwana Zumla akaketi kando yake, bila shuka katikati, kwa kuwa eda ilikuwa imekwisha, na Sultani alipokosa mtu wa kula naye akaja akaketi pia, na wote watatu wakamngoja paka mmoja amalize kutazama njia.

Mafunzo yake mimi nimeyatafuta sana, nikitumaini nitapata ya maana zaidi, na nimeishia kwenye haya: kiumbe akikuomba umfungulie mlango, mfungulie, hata kama hatoki, hujui anamtazamia nani. Na hekaya yangu imefika kizingitini. Anayetaka kuingia aingie, na anayetaka kutoka atoke, ila tafadhalini asisimame mtu katikati.